Moshi wa barabarani na kifua chako: namna ya kuupunguza kwa anayeshinda barabarani Mwanza

Gereji kwangu Nyakato haipiti wiki bila swali mojawapo kati ya haya matatu. Dereva wa bodaboda anauliza: "Fundi, hivi huu moshi kweli unaleta saratani, au ni maneno ya watu wa hospitali?" Konda anauliza kama maziwa ya jioni hayatoshi kusafisha kifua. Mama anayeuza chakula kando ya barabara anauliza anunue barakoa gani. Nimechoka kujibu nikiwa nimelala chini ya Fuso, kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Ndiyo, moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka kwenye kundi la kwanza Juni 2012, na Oktoba 2013 likaingiza humo uchafuzi wa hewa ya nje kwa ujumla. Sigara na asbesto zimo kundi hilo hilo. Hapo watu huchanganya: kundi la kwanza maana yake ushahidi umetosha, si kwamba moshi wa daladala una nguvu sawa na sigara. Kama unavuta sigara na umekuja kulalamikia Hiace, anza na sigara. Tumbaku ndiyo inayobeba sehemu kubwa kabisa ya saratani za mapafu duniani, Shirika la Afya linataja kama asilimia 85.

Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda mapafuni. Njia hizo zinaachana kooni na huko chini hazikutani. Kunywa maziwa kwa sababu ni chakula, basi.

Kuhusu barakoa tutafika, lakini si mwanzoni.

Nadharia kidogo tu, tusije tukachoka. Moshi wa gari una gesi, kama benzini (kemikali, si petroli yenyewe) na oksidi za naitrojeni, na una masizi, yaani chembe ndogo mno. Zinazotajwa sana ni zile zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana, wakati unywele wa mtu una kama mikromita 50 hadi 70. Chembe ya namna hiyo haikamatwi na nywele za pua, inashuka mpaka mwisho wa mapafu. Utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2013 ulifuatilia watu karibu 313,000 katika nchi 9, ukaona kwamba kila mikrogramu 5 za chembe hizo zikiongezeka katika mita moja ya ujazo wa hewa, hatari ya saratani ya mapafu inapanda kwa asilimia 18 hivi. Asilimia 18 ya hatari ndogo bado ni ndogo kwa mtu mmoja, kwa hiyo usilale na hofu. Lakini saratani hii hujijenga kwa miaka mingi, na wewe barabarani umeanza ukiwa na miaka kumi na tisa.

Kinachohesabika ni saa unazokaa, ukaribu wako na ekzosi, na ukali wa moshi wenyewe. Hatua zote hapa chini zinashughulikia kimojawapo kati ya hivyo.

Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari haliishiwi chaji.
- Vipande vinne vya karatasi ngumu nyeupe, ukubwa wa kiganja.
- Mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, yasiyo na rangi.
- Uzi mwepesi wa kushonea, urefu wa mkono mmoja.
- Kitambaa cha pamba na ndoo ya maji.
- Barakoa moja au mbili za N95, KN95 au FFP2, zile zinazobana uso na kuchuja chembe ndogo. Zikikosekana, endelea bila hizo mpaka hatua ya 7.
- Wiki moja ya kuangalia kabla ya kubadili chochote.

1. Andika siku yako ilivyo

Kwa siku saba andika ulikaa wapi na kwa muda gani. Usiandike "kazini". Andika "kijiweni Mabatini, saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, kosta zinangurumia hapo hapo", au "stendi ya Buzuruga, nusu saa, nasubiri abiria". Weka alama kila ulipoona moshi kwa macho au ulipousikia kooni.

Mara nyingi utagundua moshi huuvuti siku nzima, unauvuta zaidi katika saa chache. Rafiki yangu mmoja wa bodaboda alijihesabia na kukuta anatumia saa tatu kwa siku amekaa tu, nyuma ya kosta zinazojaza abiria. Akiwa mwendoni hewa yake ilikuwa afadhali kuliko akiwa amepumzika. Watu wengi hawalijui hilo.

2. Tega karatasi

Paka karatasi mafuta ya mgando, utando mwembamba upande mmoja. Moja itundike pale unapokaa kazini, usawa wa pua yako. Ya pili iweke hatua hamsini ndani, mbali na barabara. Ya tatu itundike chumbani unapolala, na ya nne ibaki kwenye bahasha bila kuguswa, ndiyo ya kulinganishia. Ziache siku tano.

Ukizishusha, sugua kila moja kwa kidole. Kahawia yenye mchangamchanga ni vumbi la barabara, na kuanzia Juni mpaka Septemba utaliona kwa wingi. Nyeusi inayopakaa kama wanja ni masizi.

Angalizo mbili. Usitege juu ya jiko la mkaa au karibu na anayechoma mahindi, utapima jiko. Na usidhani karatasi inapima zile chembe za mikromita 2.5; hazionekani, nyingine hazitui kabisa. Karatasi inakusaidia kulinganisha sehemu mbili tu. Kuna wanaoagiza vipimo vidogo vya umeme mtandaoni. Si vibaya, lakini huku ziwani ukungu wa alfajiri huvidanganya: vinahesabu matone ya maji kama moshi. Visome jua likishapanda.

3. Ujue upepo wa hapo ulipo

Huku kwetu ziwa lina tabia yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya ziwani inakuja mjini. Usiku inageuka, upepo mwepesi unashuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Katikati ya hayo, hasa asubuhi mapema kukiwa kumetulia, moshi hukaa mabondeni kati ya vilima na hauna pa kwenda. Simama juu ya kilima cha Bugando saa moja asubuhi ya kiangazi, angalia chini kuelekea Mabatini, utauona umelala kama shuka.

Ila usiishie kwenye maelezo ya jumla. Majengo na miamba ya mji huu inageuza upepo inavyotaka. Funga uzi kwenye nguzo ya kibanda chako, uangalie saa 1, saa 4, saa 8 na saa 11 jioni unaelekea wapi. Uzi ukiinuka kuelekea kwako kutoka barabarani, umekaa upande mbaya. Ng'ambo ya barabara ile ile, mwenzako anapata hewa ya ziwa.

4. Sogea

Hii ndiyo hatua inayolipa kuliko zote, na haigharimu pesa, inagharimu maneno. Wingi wa masizi na gesi hushuka haraka unapoiacha barabara. Mita chache za mwanzo ndizo kali zaidi, na ukishafika mita mia moja na kuendelea hali inabadilika kabisa. Najua huwezi kuuza vocha mita mia kutoka barabarani. Lakini unaweza kurudi nyuma mita tatu. Unaweza kugeuza meza ili mgongo wa kibanda ndio uangalie barabara na wewe uangalie pembeni.

Epuka sehemu hizi, hata kama wateja wapo:

Baada ya tuta. Gari likishuka tuta dereva anakanyaga mafuta, na dizeli iliyokanyagwa ghafla hutema masizi. Hapo ndipo akina mama wengi huweka meza, kwa sababu magari yanapunguza mwendo. Kaa kabla ya tuta, mwendo utakuta umepungua vile vile.

Kwenye mpando. Lori lililobeba mzigo likipanda kilima kwa gia namba mbili linafanya kazi ngumu, na moshi wake unazidi.

Nyuma ya kituo cha daladala. Ekzosi nyingi zipo usawa wa goti, nyuma. Ukikaa kwenye kigoda hapo, uso wako uko sawa nayo. Na mtoto uliyemlaza kwenye boksi chini ya meza yuko karibu zaidi yako. Mtoto mpandishe juu au mpeleke ndani, hili nasisitiza kuliko yote.

Kosa la kawaida: mtu anajenga kibanda cha mabati pande tatu akidhani amejikinga. Kama upande ulio wazi ndio wa barabarani, umetengeneza mtego. Moshi unaingia na hautoki. Acha nafasi juu nyuma, hewa ipite.

5. Zimeni injini

Nasema na madereva sasa. Kuna imani kwamba dizeli lazima ingurume dakika kumi ndipo ipate nguvu. Injini za siku hizi hazihitaji hivyo. Washa, subiri presha ya oili ikae sawa, ondoka taratibu. Itapata joto njiani. Kwenye stendi, kama unajua utakaa zaidi ya dakika moja au mbili, zima. Sababu ya kweli ya kunguruma mnaijua na mimi naijua: abiria akisikia injini anadhani gari linaondoka. Ni ujanja wa biashara, na mnaouvuta wa kwanza ni ninyi na makonda wenu.

Bodaboda kijiweni kubalianeni: anayesubiri zamu anazima. Kijiwe kimoja karibu na kwangu waliweka faini ya shilingi mia tano. Siku ya kwanza kulikuwa na ugomvi, sasa hawakumbuki.

Na kamwe usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Hiyo haihusu saratani: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua siku hiyo hiyo.

6. Tengeneza moshi wako mwenyewe

Angalia rangi inayotoka kwenye ekzosi injini ikiwa imepata joto.

Nyeusi: mafuta hayaungui yote. Anza na ea klina, maana barabara zetu za vumbi huziba haraka. Itoe, iangalie kwenye mwanga. Isipopitisha mwanga, badilisha. Kuipiga upepo mara moja ni sawa, mara ya tano umeshaitoboa. Ikibaki nyeusi, peleka nozeli zikapimwe, kisha pampu. Mzigo kupita kiasi pia hutoa moshi mweusi, na hapo mimi sina dawa.

Bluu: oili inaungua. Pistoni ringi au sili za valvu. Kwenye pikipiki iliyozeeka ndiyo ugonjwa wake. Kuongeza oili kila wiki si matengenezo.

Nyeupe isiyokoma hata injini ikiwa ya moto: maji yanaingia, mara nyingi gasketi ya silinda hedi.

Sasa niseme langu. Miaka ya nyuma nimewatolea wateja masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, kwa sababu yalikuwa yameziba na mapya ni ghali, na yule mnunuzi wa vyuma alikuwa anasubiri mlangoni. Gari linapata nguvu, mteja anafurahi. Kilichobaki nyuma ni harufu inayochoma macho, na mtu anayeinusa ni aliye nyuma yako kwenye foleni. Siku hizi sitoi. Fundi akikwambia "tuyatoe tu", mwambie kwanza aangalie kwa nini yameziba. Mara nyingi ni oili inayoungua au plagi mbovu. Mafuta yenyewe si tatizo kama zamani: kuanzia 2015 nchi za Afrika Mashariki zina kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni kwenye dizeli. Ila yale ya kwenye madumu ya njiani, yaliyochanganywa na mafuta ya taa, sijui nani anayapima.

Wenye mitumbwi yenye injini za tustroku, haya yanawahusu pia. Mkizidisha oili kwenye petroli "ili injini isife", mnaivuta ninyi mliokaa nyuma kwenye usukani. Fuata kipimo cha kitabu chake.

7. Ndipo uvae barakoa

Barakoa ya N95 hukamata angalau asilimia 95 ya chembe ngumu kukamatika, kwa sharti ikae vizuri usoni. FFP2 na KN95 ziko jirani nayo. Ile ya bluu ya hospitali inaacha mianya mashavuni. Hewa ni mvivu, inapita penye mwanya. Kipande cha kanga au skafu kinazuia mchanga, masizi mengi yanapita.

Vaa hivi: mkanda mmoja juu ya kichwa, mmoja shingoni. Bana waya wa puani kwa vidole viwili vya kila mkono. Weka viganja juu yake, pumua nje kwa nguvu. Ukisikia upepo machoni, banisha tena. Ndevu nyingi huiharibu, hakuna njia ya kati hapo.

Haizuii gesi. Benzini inapita. Kwa hiyo usivae N95 halafu ukarudi kukaa nyuma ya kosta ukijiona umepona.

Usiifue kwa sabuni, inapoteza nguvu ya kunasa chembe. Itundike ikauke mahali safi, itupe ikilowa, ikichanika, au kupumua kukianza kuwa kugumu. Huwezi kuivaa kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye joto letu, usijidanganye. Chagua zile saa mbaya ulizoandika hatua ya 1, uivae hapo.

8. Usiupeleke nyumbani

Koti la kazi libaki nje ya chumba cha kulala. Futa sakafu na meza kwa kitambaa kibichi. Fagio kavu linarusha tena ulichokwisha kuacha. Kama dirisha liko upande wa barabara, lifunge asubuhi magari yanapojazana, ufungue mchana upepo wa ziwa ukiingia. Halafu angalia jiko. Mtu anakimbia moshi wa Igoma mchana kutwa, jioni anapikia kuni ndani ya chumba kimoja na watoto. Lisogeze mlangoni au nje. Takataka za plastiki na matairi usichome kabisa.

Kwenye gari binafsi kwenye foleni, funga vioo na bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Ukitoka foleni, fungua. Na wanaokimbia mazoezi asubuhi kando ya barabara kuu: ukikimbia unavuta hewa mara kadhaa zaidi ya aliyekaa. Njia za Capri Point ziko pale pale, au panda Isamilo.

9. Ujue dalili, na useme kazi yako

Kikohozi kinachozidi wiki mbili au tatu, damu kwenye makohozi, sauti kukwaruza isiyoondoka, maumivu ya kifua, kupungua mwili bila sababu, nimonia inayorudi mahali pale pale. Nenda kituo cha afya. Ukifika, usiseme tu "nakohoa". Sema: "Nina miaka kumi na tano ya udereva wa dizeli, sigara navuta au sivuti." Daktari hawezi kukisia.

Ukikwama

*Karatasi zote mbili za kazini zimetoka sawa.* Pengine mvua ilinyesha, au ya pili uliiweka karibu na chanzo kingine: jenereta, mashine ya kusaga, jiko. Rudia sehemu nyingine.

*Miwani inaingia ukungu nikivaa barakoa.* Waya wa puani haujabanwa. Huo ukungu ni hewa inayovuja.

*Wenzangu kijiweni wananicheka.* Waoneshe karatasi yako ya pale kijiweni na ile ya kwenye bahasha, wasugue wenyewe. Maneno hayahitajiki sana baada ya hapo.

*Nimerudi nyuma mita tatu, mauzo yameshuka.* Weka bango au bidhaa mbele, wewe mwenyewe ukae nyuma. Mteja anaona chapati, si lazima akuone wewe.

*Nimefuata yote, kikohozi hakiishi.* Kifua kikuu ndicho kinachotafutwa kwanza, na ni sawa kabisa. Hapa kwetu kipo, kupima na kutibiwa kwenye vituo vya serikali ni bure. Tatizo ni pale majibu yanapotoka hasi na mtu anarudi nyumbani ametulia, au anamaliza dawa miezi sita na bado anakohoa. Fundi mwenzangu, mtu wa nozeli, alitibiwa kifua kikuu mara mbili bila makohozi yake kuonesha vijidudu hata siku moja. Uvimbe wa pafuni ulikuja kuonekana mwaka wa pili. Kwa hiyo majibu yakiwa hasi na kikohozi kipo, rudi, omba picha ya kifua. Ukipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, nenda na picha zako zote za zamani bila kuzikunja, hata ile ya miaka mitatu iliyopita, kwa sababu daktari ataziweka ubavu kwa ubavu aone kile kidoa kilikuwepo au ni kipya.